Nekesa Alivyosimama na Mpira

Nyanya yangu alikuwa akiloweka maganda ya migomba ili asokote kamba ya ndama, na yalinuka kama pombe changa. Yule ndama alikuwa mkorofi, lakini hayo ni mengine. Maganda yakibaki, tulifunga mpira.

Juzi hapa Kitale kitukuu changu alidaka mpira wa pete, akasimama tuli. Nikamuuliza kwa nini hakimbii.

“Babu, ukishadaka hukimbii nao. Unarusha. Ndiyo sheria.”

Nikakumbuka shule yetu ya utotoni.

Kule upande wa Lugulu, mwalimu alifundisha wasichana kudaka na kurusha mpira wetu ule wa maganda. Dada yangu Nekesa aliwashinda wote. Siku moja baba alikuja kuangalia kama shule inamfaa. Nekesa akadaka, akasimama. Mimi nikadhani ni woga.

“Kimbia, bana! Ati umekwama kama ng'ombe kwenye matope?”

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

“Kama ni kusimama,” akasema, “si hata nyumbani atasimama?”

Akageuka, akaenda zake. Nekesa akauweka mpira chini polepole, akapita karibu yangu bila kunitazama, akamfuata. Shuleni hakurudi tena.