Udongo Shingoni

Noémie Vayssade alizaliwa, akaolewa na kufiwa upande mmoja wa mto Lot. Ng'ambo hakuwa na shughuli nako. Divai ya huko, alisema, ni ya kuoshea farasi. Ya kwao, jirani na mji wa Cahors, ilikuwa nyeusi. Ukiinua glasi juani, huoni kidole chako upande wa pili. Ikiwa changa inakamata ulimi na kuukausha. Iache pipani miaka, italainika kama mtu aliyekwisha kulia.

Mumewe, Firmin, kila baada ya mavuno alipandisha udongo shingoni mwa kila mzabibu. Zamani za babu zao wadudu walikula mizizi yote, na tangu hapo mzabibu wa kwao hupandikizwa juu ya mguu wa Kimarekani, usioliwa na wadudu hao: chini mgeni, juu mwenyeji, katikati kovu. Firmin alilifunika kovu hilo lisipigwe na baridi. Mkwewe Anselme, aliyemwoa binti yao, alimcheka.

"Baba, unaizika ingali hai? Si umwite padri kabisa."

"Padri atakuja mwenyewe. Ana pua."

Firmin alipokufa, vuli hiyo Noémie alishika jembe lake. Alimaliza safu moja tu, ile ya ukutani, mgongo ukagoma.

Februari iliyofuata, ya mwaka 1956, ikashuka baridi ambayo hata wazee waliozoea kuongeza chumvi hawakuhitaji kuiongezea. Mizabibu ilipasuka kama kuni motoni. Theluji ilipoyeyuka, shamba zima lilikuwa jeusi.

"Mama," Anselme alisema, "Sikukuu ya Yohane ikifika, mwezi wa Juni, mizabibu haijachipua, napiga plau. Napanda tumbaku."

"Piga nikishakufa."

"Hilo silipangi mimi, mama."

Mwezi wa Mei Noémie akaona kijani shambani. Alikimbia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake, kisha akafungua pipa la mwisho la Firmin, alilojitunzia kwa maziko yake mwenyewe. Bintiye Odile alipika supu. Wakala mpaka ilipobaki kidogo, kila mtu akamimina divai humo, kama wafanyavyo huko, wakainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa. Padri, ambaye hakuna aliyemwita, alimimina mara ya pili na kutangaza kwamba huu ni ufufuko. Ndiyo kazi yake.

Anselme peke yake hakumimina. Kwao, mtu anayeiacha supu hivyo ama anaumwa ama ana habari mbaya.

"Unaumwa?" Noémie alimuuliza.

"Siumwi. Njoo nje, mama."

Alichuchumaa kwenye mzabibu wa kwanza akaweka kidole gumba kwenye kovu. Machipukizi yote yalikuwa yametoka chini ya kovu. Kilichochipua kilikuwa mguu tu, ule wa Kimarekani, usiotoa divai yao hata ukiuombea novena ya siku tisa. Noémie alikuwa ameyang'oa machipukizi kama hayo maisha yake yote.

"Niliona yanakotokea," alisema taratibu. "Nilikataa tu kuangalia."

Nyumbani padri alikuwa anaimba. Anselme alikwenda mpaka safu ya ukutani, ile iliyozikwa, ambayo haikuonyesha hata jani moja, akapiga magoti na kufukua kwa mikono. Chini ya udongo, juu ya kovu, palikuwa na chipukizi jeupe, limejikunja. Akafukua la pili. Nalo lilikuwepo.

"Baba alijua," alisema.

"Baba yako alikuwa anaogopa baridi tu. Alilala na soksi hata Agosti." Kisha Noémie akageukia ukuta, na Anselme akampa muda wake.

Shamba lote lilikwenda kwa tumbaku. Safu ile tu ndiyo iliyobaki. Vuli ilipofika, Noémie alitoka na jembe akamkuta mkwewe ameshainama, anapandisha udongo.

"Unaizika ingali hai?"

"Mwite padri, mama."

Noémie alipokufa miaka kadhaa baadaye, pipa la Firmin lilikuwa limekwisha zamani. Waliomzika walimimina kwenye supu divai ya safu ile, nyeusi, bado changa. Iliwakausha wote ulimi pale mezani, na padri, ambaye safari hii aliitwa, akamimina mara ya pili.