Mzigo Mdogo wa Kupeleka Uru

Jamani, hili nalisimulia kwa aibu, na kama ingewezekana ningelizika pamoja na marehemu, ila watu wa Uru, kijijini kwetu mlimani, waliliona kwa macho yao, kwa hiyo bora mlisikie kwangu kuliko kwao (wao wanaongeza chumvi).

Baba mkubwa ndiye aliyenilea. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, yeye na mama mkubwa wakanichukua, nikala kwao, nikasoma kwao, na hata kuendesha gari alinifundisha yeye kwenye kigari chake cha kubebea kahawa, akinipiga kofi la kisogo kila nilipoachia klachi vibaya. Alipofariki, kwenye kikao cha ukoo binamu yangu Deo, mtoto wao wa kwanza, akasema tukodi gari la kubebea maiti, lile la vioo. Mimi nikasimama mbele ya wazee nikasema hapana, baba yangu hapandi gari la kukodi, atapanda pikapu yangu. Mama mkubwa akanitazama.

"Asante, mwanangu," akasema. "Mpeleke taratibu."

Nilijiona mtu mzima kweli kweli. Ila jambo moja nililijua peke yangu: klachi ya ile pikapu ilikuwa inateleza. Kesho yake nikaenda kwa fundi Aminieli, gereji yake iko mtaa wa Soweto, mjini, akalala chini ya gari, akatoka na grisi usoni, akasema klachi pleti imekwisha. Tukaongozana dukani. Muuzaji akaweka mbili mezani, moja orijino, moja feki, zimefanana mpaka maboksi, ila ile feki ukiishika ilikuwa nyepesi kama sahani ya bati. Na pesa ya orijino nilikuwa nayo, hapo ndipo panaponiuma. Lakini nilitaka pia kupiga gari rangi na kuweka vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa, maana ndugu wa Dar walikuwa wanakuja, na mimi ndiye ningekuwa mbele ya msafara wote wakiniangalia.

"Kaka, chukua hii nzito," Aminieli akaniambia. "Hiyo nyingine tambarare itakwenda. Mlima siahidi. Kwani unabeba nini?"

"Mzigo mdogo tu," nikajibu. "Wa kupeleka Uru, mara moja."

Nilijua ningemwambia ukweli asingekubali kuifunga ile feki. Basi akaifunga.

Jumamosi pikapu iling'aa mpaka watu pale mochwari wakaisifu, nami nikajifanya sisikii (nilisikia kila neno). Jeneza likawekwa nyuma, wanaume sita wakakaa pembeni yake, wapiga tarumbeta wakatangulia na gari lao, na magari mengine yote yakafuata nyuma yangu. Msafara wa msiba hauendi mbio, na mama mkubwa alishasema taratibu, kwa hiyo kuanzia mlima ulipoanza nikawa napanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nimekanyaga klachi nusu, naiachia kidogo, naikanyaga tena, na ile pleti huko chini ikawa inasagika. Nilianza kusikia harufu ya kuungua. Nikafungua kioo nikajidai ni jirani anachoma taka.

Kwenye mwinuko wa mwisho, nyumbani kunaonekana kabisa, injini ikanguruma na gari likasimama. Nikakanyaga mafuta. Likanguruma zaidi, halafu likaanza kurudi nyuma, na baba mkubwa ndani yake.

"Mawe! Wekeni mawe!" Deo akapiga kelele kutoka nyuma kwenye jeneza, wanaume wakaruka chini wakayawekea matairi mawe. Wapiga tarumbeta hawakujua lolote, wakaendelea kupanda wakipiga, tukausikia muziki ukipotelea kwenye migomba, na sisi tumebaki njiani na maiti yetu.

Njia ni nyembamba, hakuna gari lililoweza kunipita. Juu kidogo kulikuwa na kigari cha jirani kimejaa mabua ya ng'ombe. Wakalibeba jeneza mabegani mpaka pale, wakalilaza juu ya mabua. Nilipotaka kushika upande mmoja Deo akanisogeza, akaitazama pikapu juu mpaka chini.

"Rangi ni nzuri lakini," akasema.

Nilifika kwa miguu. Padre alikuwa ameshavaa, watu wamesimama, na mama mkubwa alikuwa ameinama getini anaokota mabua juu ya jeneza, moja moja. Hakunitazama.

Baada ya matanga nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikalifunga fundo, nikaenda kwake. Kwetu ukiletewa isale umeshasamehe, hata kama moyo bado unauma.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Kaa."

Nikampa kwa mikono miwili, nikamweleza yote, zile pleti mbili, rangi, na nilivyomjibu fundi. Akalilaza lile jani mapajani.

"Mzigo mdogo," akasema. "Nimelipokea, mwanangu, isale halikataliwi. Lakini mimi niliokota mabua tu. Aliyeitwa mzigo mdogo ni yeye. Nenda ukamwambie."

Nikakata lingine nikaenda kaburini, nikalichomeka kwenye udongo ambao bado ulikuwa mbichi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikalia tu kama mtoto, na kisogo changu kikangojea kofi.

Tangu siku hiyo nimeapa, spea feki haitafungwa tena kwenye gari langu, na fundi akiniuliza nabeba nini namwambia ukweli, hata kama ni mkungu mmoja wa ndizi. Wiki iliyofuata Aminieli alinifungia klachi orijino. Rangi imeshaanza kubanduka na sijaigusa. Kila Jumapili nampelekea mama mkubwa mahitaji yake, na pale kwenye mwinuko wa mwisho gari linapanda bila shida yoyote, na hapo ndipo ninapoumia.