Mlinzi wa Vipepeo

Asubuhi za baridi, mlinzi wa msitu wetu hapa Michoacán, Meksiko, huwatangulia wageni njiani, akiokota vipepeo walioanguka. Huwalaza kiganjani na kuwapulizia pumzi mpaka mbawa zitikisike, kisha huwapandisha kwenye shina. Mikono yake hunuka utomvu hata akila.

"Ndio wale wale walioondoka hapa Machi?" wageni humuuliza.

"Wale walitaga huko kaskazini wakafa. Hawa ni vitukuu wao. Hawajawahi kufika huku kabla ya sasa."

Jana Eufrosina, muuza chapati za mahindi, alidakia: "Babu we, hata vitukuu wa vipepeo wanaijua njia! Wajukuu zako wa Chicago je?"

Wageni walicheka. Mlinzi aliinama, akaokota kipepeo aliyekwisha kukauka, akaanza kumpulizia.