Kuku wa Maungamo

Watu wa Lusangi watakuambia kwamba Julienne ana kichwa kigumu, na ukimuuliza mwenyewe hatakataa. Ataendelea kumenya karanga zake, akutupie jicho kidogo, akuulize kichwa laini kingemfikisha wapi. Kisha, kama binti yake yuko karibu, atamwita, na Esther-Divine atakuja mbio kwa miguu yake miwili. Hapo Julienne atakutazama kama mtu aliyekwisha kukujibu.

Miguu hiyo ndiyo iliyoleta maneno.

Mtoto alizaliwa mzima, mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alipotimiza miezi kumi na moja surua ilimpiga vibaya, ikamwacha mifupa na macho. Alipona, lakini nguvu za miguu hazikurudi. Wenzake wakaanza kusimama, wakaanza kwenda, wakaanza kuvunja vyombo vya mama zao. Yeye alikaa pale alipowekwa, wala hakusema neno. Muuguzi wa kituo cha afya alimpapasa magoti na nyayo.

"Mutoto hana ugonjwa wa miguu, mama," alimwambia Julienne. "Ni uzaifu tu. Umupe karanga, mayai, samaki. Na umuweke chini ajaribu. Asibebwe siku muzima."

Na Esther-Divine alikuwa akibebwa siku nzima. Baba yake, Ismaël, alikuwa Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu tangu mtoto akiwa na miezi minne. Julienne alikuwa shambani kuanzia asubuhi. Aliyebaki na mtoto ni Mama Victoire, mama yake Ismaël, na Mama Victoire aliona aibu. Hakutaka majirani wamwone mjukuu wake ameketi mavumbini wakati wenzake wanakimbia. Basi alimfunga mgongoni kwa kitenge tangu jua kuchomoza hadi jioni, akatwanga naye, akasonga naye ugali, akaenda naye kuteka maji. Alimpenda, hilo Julienne hakulitilia shaka hata siku moja. Lakini mtoto angejifunza wapi kusimama, juu ya mgongo wa bibi?

Julienne alimweleza maneno ya muuguzi. Mama Victoire alisikiliza mpaka mwisho, akafyonza.

"Muganga anajua sindano. Mimi najua mambo ya nyumba. Mutoto wa mwaka moja na nusu hatembei sababu mama yake aliharibu maziwa."

Hakuhitaji kufafanua. Katika ukoo ule waliamini kwamba mwanamke anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa, maziwa yanaharibika na miguu ya mtoto inalegea. Dawa yake ilijulikana vilevile. Mama anaitwa mbele ya wakubwa, anataja jina la mwanamume, kuku mweupe anachinjwa, mtoto anapakwa damu magotini, mambo yanakwisha. Kuku ndiye aliyemaliza mambo yote ya ukoo ule: aliyekosa alitoa kuku, na aliyemsingizia mwenzake naye alitoa kuku. Lakini mwanamke akikataa kuungama, anarudishwa kwao siku hiyohiyo, na mtoto anabaki kwa baba.

Baba Mkubwa Mahamudu, kaka wa marehemu mume wa Mama Victoire na mkubwa wa ukoo, alipanga kikao. Alimpigia Ismaël simu arudi. Julienne alipewa majuma matatu ya kufikiri.

Afikiri nini? Tangu Ismaël aondoke, mwanamume pekee aliyemgusa mkono ni muuguzi, alipompa vidonge.

Nadine, jirani na rafiki yake, alimfuata shambani.

"Mama Esther, taja tu jina. Taja mutu mwenye alishakufa. Nani atamuuliza?" Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mimi nilitaja marehemu Junior, ule wa pikipiki. Sikumujua hata sauti. Walichinja kuku, ikaisha."

"Na mutoto wako alitembea?"

"Alitembea baada ya miezi tatu."

"Basi angetembea tu."

Nadine alicheka, halafu akaacha kucheka. Julienne alimhurumia, lakini tangu dakika ile mambo yalimwia wazi. Kila mwanamke aliyetaja jina la uongo alikuwa amemwachia mwenzake kamba ya kufungwa nayo. Yeye hataacha kamba. Esther-Divine atatembea kabla ya kikao kwisha, mama yake akiwa hajaungama kitu, na wote watamwona kwa macho yao.

Asubuhi iliyofuata alichukua jembe, akaanza kuchimba nyuma ya jiko kama mama yake mzazi alivyowachimbia wadogo zake: shimo jembamba la kumfika mtoto kiunoni, asimame ndani huku udongo ukimshika pande zote. Mama Victoire alitoka, akaona, akapiga kelele hadi majirani wakaja.

"Nani anachimbia mutoto muzima shimo? Unataka kumuzika?"

Akalifukia kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya watu. Julienne hakubishana. Alitia jembe begani na mtoto mgongoni, akaenda kuchimba jingine shambani, kando ya mihogo, ambako hapakuwa na wa kulifukia. Tangu siku hiyo hakumwachia tena bibi mtoto.

Siku ya kwanza Esther-Divine alilia mpaka akapiga kwikwi. Magoti yalikunjika, akateremka ndani ya shimo, yakabaki macho yanayomlaumu mama yake. Julienne alitandika nguo kuukuu na majani makavu, akamsimamisha tena. Akapalilia hapohapo karibu, na kwenye ukingo wa shimo akapanga karanga za kukaanga, moja hapa, moja mbali kidogo, ili mtoto ajinyooshe kuzifuata. Juma la pili magoti yalikaza. Julienne akarudisha udongo kiasi, shimo likawa la magotini. Juma la tatu akamtoa kabisa, akamsimamisha juu ya ardhi tupu, akaondoa mikono.

Esther-Divine alisimama. Aliyumba, akatanua mikono, akasimama. Julienne alihesabu hadi nane. Akapiga vigelegele peke yake katikati ya mihogo, akambeba mtoto na kumrusha juu, akacheka na kulia pamoja. Furaha ilimjaa hata ikamuuma kifuani. Hakuwahi kuipata furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yake, na hakuwa na wa kumwambia.

Lakini hatua, hapana. Kila alipomsimamisha, mtoto aliiangalia ardhi iliyo mbele yake, akaketi. Majuma matatu yakaisha.

Ismaël alifika siku moja kabla ya kikao, ametapakaa tope la njia, amebeba sabuni na kigauni chekundu. Alasiri alimfuata Julienne shambani. Alikaa muda akivunjavunja kijiti.

"Julienne, sema tu. Kama kuko kitu, mi nitakusamehe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote ya mama-mkwe.

"Usinisamehe," alisema. "Niamini."

Ismaël aliendelea kuvunja kijiti. Julienne akamwonyesha shimo, akamweleza lilivyofanya kazi. Yeye, aliyekuwa akishinda mashimoni mwaka mzima, alichungulia, akachukua udongo kidogo akausaga vidoleni.

"Udongo yake iko muzuri," alisema, maana hakujua aseme nini kingine.

Kikao kilikaa asubuhi, uani kwa Mama Victoire. Wakubwa sita walikaa kwenye mabenchi, wanawake walisimama nyuma. Kuku mweupe alifungwa mguu kwa kamba kwenye kinu, katikati ya wote, na kisu kilikuwa juu ya kigoda. Julienne alikaa mkekani na mtoto wake, amemvika kigauni chekundu kwa makusudi, ili kila mtu amwone vizuri.

Mahamudu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya mtu anayetaka kumaliza na kurudi nyumbani.

"Mama Esther, hapa hakuna mutu anakuchukia. Sema jina, tumalize, tukule."

"Siko na jina, Baba Mukubwa."

"Jina moja tu."

"Munataka ukweli, ao munataka jina?"

Wanawake wa nyuma wakaguna. Mahamudu akakunja uso. Alimuuliza mara ya tatu, akamkumbusha kwamba baada ya mara ya tatu hakuna nyingine: atarudi kwao leo, na mtoto atabaki. Julienne alimtazama Ismaël. Ismaël alikuwa anatazama chini.

"Sikufanya," alisema Julienne, "na sitasema nilifanya."

Mama Victoire akanyoosha mikono kumchukua mjukuu wake. Julienne alimwahi. Alimsimamisha Esther-Divine juu ya ardhi, nje ya mkeka, akaondoa mikono.

"Mutazame! Mutoto mwenye munasema miguu ilikufa, iko anasimama!"

Minong'ono ilizunguka ua mzima.

"Kusimama si kutembea," alisema Mama Victoire.

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimkata Julienne maini. Mtoto aliiangalia ardhi mbele yake kama kawaida. Magoti yakaanza kulegea. Hapo kuku akapiga mabawa, akaokota punje ya mchele chini ya kinu, akajisemea kwa lugha ya kuku. Esther-Divine aliinua kichwa. Shambani alikuwa amezoea kwamba kitu kizuri kiko mbali kidogo, na mtu anakifuata. Aliinua mguu.

Akaushusha mbele.

Mguu wa pili ukafuata. Kuku akarudi nyuma hadi kamba ikakaza, na Esther-Divine akamfuata, tumbo mbele, mikono juu, hatua ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita ilimwangusha matako. Julienne alijiuma mkono asimkimbilie. Mtoto akashika kinu, akajivuta, akasimama, akamnyooshea kuku kidole.

"Kuku!" akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza duniani. Alilipenda, akalirudia. "Kuku! Kuku!"

Nadine ndiye aliyeanza vigelegele, tena vya mtu mwenye deni na roho yake, na wanawake wote wakampokea. Julienne alikuwa chini, magotini, amemkumbatia mtoto, anambusu miguu yenye vumbi, mmoja kisha wa pili, anasema "mama yangu, mama yangu," wala hakukumbuka kama kuna kikao.

Mahamudu akasafisha koo.

"Basi munaona. Kuku amefanya kazi yake."

"Labda aliungama kwa siri," akadakia Mama Victoire. "Kwa pasta."

Julienne alisimama na mtoto kiunoni. Furaha haikumpunguzia hasira hata chembe.

"Hapana! Hamutanikamata hapo! Kuku iko muzima, anakula. Baba Mukubwa, umesikia jina?"

"Sijasikia."

"Sema kwa nguvu. Wale wa nyuma hawasikii."

"Sijasikia jina!" alisema Mahamudu, na mtu mmoja akacheka.

"Katika ukoo hii, mutu akisingiziwa, anapewa nini?"

Aliyesimama ni Ismaël. Alikwenda kwenye kinu, akafungua kamba, akamletea Julienne yule kuku kwa mikono miwili.

"Anapewa kuku," alisema. "Uliniambia nikuamini. Sikukuamini. Nisamehe."

Julienne alimpokea kuku kwanza. Msamaha ulichelewa siku kadhaa, na Ismaël aliusubiri bila kunung'unika.

Kuku hakuchinjwa. Alitaga, akaatamia, akajaza ua vifaranga, na Esther-Divine akawafukuza wote, akajifunza kukimbia. Kila aliyesema kwamba mtoto alitembea kwa sababu mama yake aliungama, Julienne alimwonyesha yule kuku mweupe akitembea uani, akamuuliza amekwisha kuona wapi kuku wa maungamo akilea watoto.

Mwaka mmoja baadaye, asubuhi moja, Mama Victoire alikuja akaketi barazani kwa Julienne bila kuitwa. Macho yalikuwa mekundu. Binti yake wa mwisho, Estelle, aliyeolewa mjini Kasongo, alikuwa amepiga simu. Mtoto wake ana mwaka na miezi mitano, hatembei. Wakwe wamepanga kikao, nao mambo yao ni yaleyale.

"Estelle hawezi kufanya kitu ya vile," alisema. "Mi namujua. Ni mutoto wangu."

Julienne aliendelea kumenya karanga. Maneno haya yalikuwa yamemkaa kooni mwaka mzima, na aliyatoa taratibu.

"Na mimi pia niko mutoto wa mutu, Mama."

Mama Victoire alitazama mikono yake, akatazama nyuma ya jiko, pale alipofukia shimo kwa miguu yake. Esther-Divine alipita mbio mbele yao akifuata kifaranga, akarudi, akapita tena.

"Lile shimo," Mama Victoire alisema mwishowe. "Linamufika mutoto wapi? Kiunoni?"

"Kiunoni. Na unatandika nguo ndani, asichubuke."

"Wewe utamuonyesha Estelle?"

Julienne alikung'uta maganda kwenye nguo, akasimama. Aliingia jikoni, akatoka na jembe.

"Tutaenda wote wawili, na tutakaa kwa ile kikao yao," alisema. "Jembe nitabeba mimi. Kuku utabeba wewe."

Mama Victoire alimtazama yule kuku mweupe ambaye hakuchinjwa, akamtazama mkamwana wake. Kisha akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kumkimbiza kuku.