Nilipigania ushindi uwe pointi tatu, shemeji akala dume letu

Wakuu, salamu zenu. Nitasema ukweli hata pale unaponiaibisha, na utaniaibisha karibu kila aya.

Mimi ni kocha wa timu ya mtaani huku jirani na Bulyanhulu. Kocha kwa maana kwamba filimbi ni yangu.

Ligi yetu ina timu saba, kila moja inakutana na mwenzake mara moja. Bingwa anapewa dume la ng'ombe. Sisi hatujawahi kulipata, na mwaka huu nililitaka hadi naliota. Nikamtambia kabisa shemeji yangu Maganga, kaka wa mke wangu, kocha wa timu ya wakulima wa tumbaku kule Ushetu.

Zamani ushindi ulikuwa pointi mbili, sare moja.

Kwenye kikao nikasimama. Nilikuwa na washambuliaji watatu wa moto, kwa hiyo nikadai ushindi uwe pointi tatu. Sare ni uvivu, nikasema. Nikaleta na mfano wa hoki ya barafu niliyoiona YouTube, kwamba wenzetu sare wameshaifuta, wanapigiana penati mpaka mtu ashinde.

Mzee Masanja, mwenyekiti wa ligi, akaniangalia. "Barafu ninayoijua mimi ni ya kuwekea sato wa Nkome. Haya, tatu."

Maganga alipinga mpaka sauti ikamkauka. Nilimcheka.

Sasa kuna kitu mtu wa huku hatakiwi kusahau, mimi nikakisahau. Washambuliaji wangu wote ni wachimbaji. Ligi inaanza tu, ikasikika rush ya dhahabu, duara, yaani shimo la wachimbaji, limetema upande wa Geita. Kesho yake mazoezini nikakuta mabeki na kipa. Jezi tatu nazo zilienda kuchimba dhahabu.

Wakuu, tulizuia! Kutufunga ilikuwa kazi, ila na sisi kumfunga mtu ilikuwa nadra. Sare, sare, sare. Nikajikaza nikaenda kwa mwenyekiti kumwomba turudi kwenye mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta hoki nyingine?"

Nikarudi nyumbani.

Tumemaliza bila kupoteza mechi hata moja. Ushindi mmoja, sare tano, pointi nane. Maganga kashinda tatu, kapoteza tatu, pointi tisa. Na huo ushindi wetu mmoja tulimfunga yeye! Kwa hesabu ya zamani sisi saba, yeye sita, dume ni letu. Hesabu hiyo nimeirudia hata kanisani. Iliniuma, sifichi, hasa nikiwaona wale mabeki waliopambana msimu mzima.

Kwa kuwa ni ukweni, kwenye sherehe ya Maganga ya kulichinja dume ilibidi niende. Nyama ikagawiwa, kila mgeni vipande vitatu. Sahani yangu Maganga aliileta mwenyewe, ina kipande kimoja.

"Baba Kulwa, wewe ni mtu wa sare. Moja gete, moja kweli!"

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini.

Funzo: matokeo yaleyale, ukibadili pointi tu, ng'ombe anahama zizi. Basi usitunge sheria kwa kutegemea miguu ya watu ambao rush moja inawahamisha.

Mwenye mfumo unaomfaa mtu wa sare aumwage hapa. Kikao cha msimu ujao kinakaribia. Mtu mwingine ataupeleka, mimi nimekatazwa kuongea.