Gia ya Pili kwenye Kona ya Argia

Pale Pievalta, chini ya vilima vya Modena, hukuhitaji kuchungulia dirishani ili ujue nani anapita na gari. Karakana ya Mzee Tagliavini ilitengeneza magari ya mbio, machache tu kwa mwaka, na kila gari kabla ya kukabidhiwa mwenyewe lilipandishwa milimani na dereva wa majaribio, likarudishwa. Barabara ilikuwa moja. Ikishuka kutoka milimani inapinda ghafla mbele ya duka la mikate la Argia, na hapo utake usitake lazima urudi gia ya pili. Basi watu walizoea kusikiliza. Huyu ana pupa, huyu anaogopa, huyu jana alilala kwenye chupa. Ermes Vaccari walimtambua kwa kuwa hapakuwa na cha kusikia. Injini ilibadilisha sauti, gari likapita, mtu akaendelea kunywa kahawa yake.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Mwaka ule wa hamsini na saba, tangu karibu na Pasaka, gari la Ermes lilipofika kwenye kona ya Argia lilitoa kelele ya chuma kinachokwaruza chuma, kelele ya kutia meno ganzi. Wateja walikunja nyuso. Argia mwenyewe alifumba jicho moja, na Ermes akipita alimwona hivyo akadhani mama wa watu anaumwa jino. Mji mzima uliisikia ile kelele. Asiyeisikia alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeshika usukani.

Msimcheke. Alikuwa amekula ujana wake wote nyuma ya injini zinazonguruma wazi, na masikio hayaondoki kwa siku moja. Yake yalianza kupoteza sauti nyembamba: birika likipiga mluzi, kengele ya baiskeli, mtoto wa jirani akiita. Sauti nene zilibaki. Injini aliisikia. Mkewe, Novella, alimsikia, mradi aongee amemtazama. Mzee Tagliavini alimsikia vizuri kabisa, kwa sababu Mzee hakuwahi kusema neno kwa sauti ya chini tangu azaliwe. Mtu wa namna hiyo anajuaje kwamba amepungukiwa? Anaona tu kwamba dunia imetulia kidogo, na kwa umri wake anashukuru.

Na giaboksi za Tagliavini hazikuwa na huruma kwa mtu yeyote. Kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta ili injini ipande kiasi kile kile ambacho gia ya chini inataka, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Yote hayo kwa muda wa kupiga chafya. Kile kiasi husomi kwenye saa ya injini, kwa sababu macho yako yako barabarani. Unakisikiliza. Ermes sasa alikuwa anagusa mafuta pungufu, akiridhika na nusu ya sauti, na meno ya gia yakawa yanakutana kwa ugomvi.

Mkononi alihisi kitu. Fimbo ya gia ilimtetemekea kiganjani kana kwamba ndani mna changarawe, bila kelele yoyote, mtetemo mtupu. Akafikiri kama ambavyo dereva yeyote wa majaribio angefikiri, kwamba giaboksi ni mbovu. Akamwambia Mzee. Ikafunguliwa, na kweli, meno ya gia ya pili yalikuwa yameliwa ncha. Ikafungwa mpya, baada ya muda mfupi nayo ikaliwa. Ya tatu pia. Na zote zilifungwa na fundi mmoja, Learco Montorsi, ambaye ni kaka yake Novella.

Ilikuwa aibu ya kifamilia. Mafundi wenzake walianza kumwuliza Learco kila asubuhi kama kahawa ya leo imeshasagwa, maana kinu anacho. Learco alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye vidole vinene vilivyojua kazi ndogo ndogo kuliko vidole vya mshonaji. Aliwajibu mara moja tu, kwamba kinu ni chake lakini anayesaga ni mwingine, kisha akainamia kazi yake. Ermes aliyasikia hayo maneno, akayaona ni ya mtu anayetafuta pa kujificha. Akakasirika. Siku hiyo hiyo, mbele ya mafundi wote, akamwambia Mzee kuwa shemeji yake hana mikono tena.

Mzee alitoa uamuzi wake kwa sauti iliyofika hadi mtaa wa pili. Learco atafunga giaboksi moja zaidi. Hiyo nayo ikiharibika, anaondoka kwenye meza ya kufungia giaboksi, ataletwa mtu kutoka Modena.  Learco alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akaenda kuanza.

Jumapili alikuja kula kwa dada yake kama kawaida, kwa sababu kutokuja kungekuwa kutangaza vita. Novella alikuwa ametandika meza uani, chini ya mforosadi, akaweka mikate ya kukaanga na nyama kavu na divai ile nyekundu yenye povu. Joto lilikuwa kali. Wanaume wawili hawakutazamana. Novella alijaribu kuongea habari za mvua, za padri, za bei ya nguruwe, na kila habari ilimfia mdomoni. Ermes akaona amsaidie mkewe, akatafuta jambo la amani.

"Mwaka huu nyenje hawajaja," alisema. "Joto lote hili, hata mmoja sijamsikia."

 Novella aliweka kijiko chini. Alikuwa ameinama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Ermes akamtazama Learco, na Learco alikuwa anautazama mti. Akafuata macho yake. Juu ya shina, usawa wa uso wa mtu aliyesimama, nyenje alikuwa amejibandika kwenye gome. Juu yake kulikuwa na mwingine, na juu tena wengine. Ule mti ulikuwa unapiga kelele kiasi kwamba Novella tangu mwanzo wa chakula alikuwa anapaza sauti ili asikike.

Ermes alinyanyuka akausogelea. Alimwona nyenje yule kwa karibu, tumbo lake dogo likitetemeka, likitetemeka, bila kelele yoyote. Mtetemo mtupu. Akaujua. Alikuwa ameushika kiganjani mwake tangu Pasaka.

Alirudi akakaa, akamaliza mkate wake. Learco aliaga mapema. Alipoondoka, Ermes alimwuliza mkewe ni tangu lini, naye akasema tangu majira ya baridi. Akamwuliza, na kwenye kona? Novella akalia, na hilo likawa jibu. Ermes akapandwa na hasira. Alimwambia wamemfanya kichekesho cha mji, yeye na kaka yake na yule muuza mikate na jicho lake.  Novella alisema kila asubuhi aliamka akiwa ameamua kumwambia, na kila asubuhi alimwona akivaa glavu zake mlangoni, akashindwa.

Asubuhi yake giaboksi mpya ilikuwa imeshafungwa garini. Ermes alimwomba Mzee amruhusu Learco apande naye. Mzee akacheka, akasema vizuri, mwache asikie mwenyewe alichokipika.

Waliuacha mji nyuma. Barabara ilipoanza kupanda katikati ya misonobari, Ermes alipunguza mwendo.

"Nikishuka gia, ikilia, nigonge goti," alisema. "Isipolia, niache."

 Kwenye kona ya kwanza Learco alimgonga goti. Ya pili, akamgonga. Ya tatu Ermes aliongeza mafuta kwa kukisia, akangoja, na goti likabaki salama. Moyo ukamruka kama wa kijana. Iliyofuata akagongwa tena. Akaamua basi atasoma saa ya injini, maana mshale haudanganyi na hauhitaji masikio. Akasoma, na gia ikaingia. Akasoma tena, ikaingia tena. Alianza kuhesabu moyoni miaka atakayopata kwa mtindo huo. Kwenye kona ya kanisa dogo aliinua macho kutoka kwenye saa akakuta barabara imekwisha, mbele yake kuna ukingo wa mawe na nyuma ya ukingo kuna hewa. Learco alivuta usukani kwa mikono yote miwili. Gari liliyumba, likakwaruza ukingo, likasimama limekaa upande.

Injini ilizimika. Walikaa. Ermes hakuondoa mikono yake kwenye usukani, na aliogopa, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika mbio yoyote.

"Ulikuwa unajua," alisema mwishowe.

"Novella aliniomba nimpe muda. Alisema atakuambia mwenyewe."

"Nami nikasimama mbele ya watu nikasema huna mikono."

"Ulisema."

Learco alitoa sigara, akawasha mbili, akampa moja. Kisha akaongea kwa mara ya kwanza maneno mengi kwa mpigo, akimgeukia ili amsikie. Alisema amefikiri. Wakirudi, giaboksi ikifunguliwa, alaumiwe yeye. Modena wanafunga matrekta, na trekta haliulizi kitu. Yeye akitolewa kwenye meza ataipata meza nyingine.

"Lakini wewe, shemeji, wakikutoa kwenye kiti hiki utakaa wapi? Nitakuona umekaa mlangoni kwa Argia unaangalia wenzako wanapita. Bora mimi."

 Ukweli ni kwamba Ermes alishawishika. Alipima jambo lile kwa dhati, kwa aibu lakini kwa dhati, akajiona akivaa glavu zake kesho na kesho kutwa. Kisha akaikumbuka ile hewa nyuma ya ukingo. Gari hili lilikuwa na mwenyewe, kijana fulani wa Parma aliyeagiza tangu mwaka jana, na kijana huyo angelipokea kwa neno la Ermes kwamba limejaribiwa. Akamtazama Learco, mtu ambaye yeye Ermes mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, enzi za kumposa Novella, kwenye lori bovu la mkulima. Alimfundisha kwenye barabara hii hii. Usiisukume gia, alimwambia wakati ule, ngoja iombe yenyewe.

Alifungua mlango, akazunguka gari, akafungua wa pili.

"Sogea," alisema. "Shika wewe."

"Mzee atasikia kwamba siyo wewe."

"Ndiyo."

Learco alishuka taratibu kama aliyebeba mayai. Ermes alikaa upande ambao hakuwahi kuukalia, miguu yake ikikanyaga klachi isiyokuwepo.  Lilipoonekana paa la duka la mikate alinyoosha mkono wa kushoto akaweka kiganja chini ya fimbo ya gia, pale inapoingia kwenye sakafu, bila kuzuia. Argia alikuwa nje na sinia la mikate. Wanaume watatu wanne walikuwa na vikombe vyao. Walilisikia gari, na Ermes aliwaona wakijiandaa, mabega yakipanda kidogo, kwa adabu, kama watu wanaongoja kofi la mtu mwingine.

Mguu wa Learco ukakanyaga, ukaachia, ukagusa mafuta, ukakanyaga. Fimbo ikarudi nyuma. Chini ya kiganja cha Ermes hapakutetemeka kitu.

Jicho la Argia halikufumba. Alibaki na sinia lake, akatabasamu, akainua mkono kumsalimia Ermes kabla hajaona ni nani aliyekaa wapi.

Mzee Tagliavini alikuwa langoni ameligeuzia gari mgongo. Hiyo ndiyo desturi yake, alisema macho yanadanganya. Gari likaingia, likasimama, na Mzee, bado akitazama ukuta, akapiga kelele kwa furaha hadi mafundi wakatoka.

"Huyo ndiye Ermes wangu. Amerudi."

Akageuka. Alimwona Learco nyuma ya usukani. Alimwona Ermes akishuka upande wa abiria, akivua glavu zake, akiziweka juu ya boneti.

"Giaboksi ni nzima, Mzee," Ermes alisema. "Zote zilikuwa nzima."

 Aliyekuwa na nyundo aliishusha. Mzee alimsogelea Ermes, akamshika bega, akamwinamia, na yule mtu ambaye hakuwahi kushusha sauti maishani mwake akaishusha. Ermes aliona midomo ikienda, na macho ya Mzee yakilengwa na machozi. Nyuma yake alimwona Learco ameangalia chini. Lilikuwa neno kubwa, hilo alilielewa, neno ambalo alikuwa amelifanyia kazi umri wake wote.

"Sema kwa nguvu, Mzee," Ermes alisema. "Sisikii."