Ordinateri ya Mwalimu Henri

Jacques Wilondja alikuwa na mdomo mbaya, na watu wa mji wetu wa Baraka walimpendea huo huo. Ukimpelekea ordinateri, yaani kompyuta, iliyokataa kuwaka, hakukuzungusha. Aliifungua, akainusa, akakwambia papo hapo kama itapona au imekufa. Mimi nauza mafuta ya mawese kwenye kibaraza kinachopakana na chake, huu mwaka wa tisa, na nimeona watu wazima wakiondoka pale wakitukana. Kesho yake walirudi na redio. Fundi asiyedanganya ni adimu mjini kwetu, hata akiwa hana adabu.

Ndiyo maana siku aliyodanganya naikumbuka vizuri.

Alikuja Clarisse, mjane wa Mwalimu Henri, mashine ikiwa imefungwa ndani ya kitenge, na binti yake Ketsia nyuma. Henri alifia kwenye njia ya Misisi, pikipiki ilipoteleza korongoni, mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka jana vita vilipokaribia, Clarisse alifanya tunavyofanya sisi sote: vitu asivyoweza kubeba alivizika nyuma ya jiko, akakimbia. Aliporudi baada ya miezi saba nyumba ilikuwa majivu, na picha za ukutani zimekwenda nayo. Akachimba. Sufuria zilitoka nzima. Ordinateri ilitoka, ikakataa kuwaka.

"Sura ya baba yake iko mule ndani tu," alimwambia Jacques. "Huyu mutoto hajaonaka baba yake hata siku moja. Ananiuliza pua yake ilikuwa namna gani. Na mi, Jacques, naanza kusahau."

Jacques aliifanyia kazi siku tatu. Alibadilisha betri, akaunganisha waya za sahani yake ya jua, ile ya umeme, moja kwa moja, wapi. Siku ya tatu, Clarisse na mtoto wakiwa wamekaa mbele yake, akachomoa diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza picha. Kilikuwa kimeota kutu ya kijani na ukoko mweupe. Akaugusa ukoko kwa ncha ya ulimi.

"Nani alitia chumvi?"

"Ni mi," alisema Clarisse, na alisema kwa fahari. "Kilo mbili. Samaki tukitaka asioze, si tunamutia chumvi? Na muchwa nayo inaogopa chumvi."

Ukizaliwa kando ya ziwa hili, kitu unachotaka kikae unakitia chumvi. Nani alimwambia kwamba chumvi huvuta unyevu, na unyevu wa chumvi hula chuma? Nikamwona Jacques anafungua mdomo, nikajiandaa kusikia tusi. Lakini Ketsia alikuwa ameshika kifuniko cha mashine kwa mikono miwili, anamsaidia fundi. Jacques akamwangalia.

"Ni mvua," akasema. "Maji iliingia. Haiko kosa yako, mama."

"Basi chumvi ilikuwa kidogo," alisema Clarisse.

Hapo angeweza kusahihisha. Hata mimi ningeweza. Nilijifanya napanga chupa zangu, na mpaka leo najichukia kwa zile chupa.

Jacques akauliza kwa haraka kama Henri hakuwahi kuziweka picha mahali pengine. Clarisse akafikiri, kisha akapiga makofi. Iko fleshi, kile kijiti cha kuchomeka kwenye ordinateri! Henri alimpa mama yake kule Nundu, bibi ameifunga kwenye pembe ya leso. Angeifuata Jumamosi. Alhamisi risasi zikasikika upande ule, na njia ikafungwa.

Ilifunguliwa baada ya miezi mitatu. Asubuhi moja Clarisse akatokea, na Ketsia amevaa gauni la kanisani, viatu vyeupe, nywele zimesukwa upya. Alikuwa amepambwa aende kuonana na baba yake. Clarisse akaweka kopo la maziwa ya unga juu ya meza.

"Bibi alikimbia, lakini alizika vizuri. Nilimupigia simu kabla hajakimbia. Nilimwambia atie chumvi mingi, kopo nzima, sababu ile yangu ilikuwa kidogo."

Jacques aliingiza vidole katika ile chumvi iliyogeuka tope, akaitoa fleshi. Kichwa chake cha chuma kilimeguka mkononi. Alikwangua, akasafisha kwa spiriti, akachomelea waya nyembamba kila mahali palipobaki kitu cha kuchomelea. Wateja wengine aliwafukuza. Ketsia alikaa kwenye benchi akizuia gauni lisiguse vumbi, hata chupa zangu za mawese alikataa kuzikaribia. Saa tisa Jacques akaweka chuma chake cha kuchomelea chini.

"Mama Ketsia. Ni chumvi."

"Chumvi imefanya nini?"

"Ndiyo iliua hii. Na ile ya kwanza, ni chumvi vilevile."

Clarisse akalitazama lile kopo. "Siku ile ulijua?"

"Nilijua. Nilikuonea huruma."

Nilingoja amrukie. Ningemsaidia. Hakupaza hata sauti.

"Nilimupigia simu mi mwenyewe," alisema. "Bibi aliniuliza mara mbili. Nikamwambia: tia mingi."

Kisha akainama, akamvua Ketsia viatu vyeupe, akavifunga kwenye kitenge visichakae njiani, wakaondoka.